Milango ya dharura kwenye ukumbi na eneo la juu la apatimenti: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wenye nyumba wengi hapa Mwanza wanakwama palepale. Mtu ana apatimenti yake Isamilo au Nyegezi, kafunika slabu ya juu na bati, kaweka viti na kaunta upande wa ziwa, wapangaji wanafanyia bethidei na send-off, alafu akiambiwa lazima pawe na njia mbili za kutokea anaita fundi, fundi anatoboa mlango wa pili ukutani, anaupaka rangi nyekundu, anabandika kibao, kazi imeisha. Ukipita ule mlango unatokea kwenye korido ileile na unashuka ngazi ileile. Moshi ukishajaa kwenye hiyo ngazi milango yote miwili imekufa kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote shika hili: njia ya dharura inaanza pale mtu alipokaa, inaishia pale anapokanyaga ardhi nje ya jengo na anaweza kuendelea kutembea mpaka barabarani. Mlango ni kipande kidogo tu cha hiyo njia. Ukilielewa hili nusu ya makosa yanaisha yenyewe.

Kuhusu vipimo: namba nyingi nitakazotumia hapa ni za kanuni za Marekani zinazoitwa International Building Code, sababu zimeandikwa kwa namna ambayo hata mtu asiye mhandisi anaweza kupima kwa futi yake. Huku kwetu anayekagua na kutoa cheti ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya sheria yake ya mwaka 2007, na kibali cha ujenzi ni cha halmashauri, Jiji kama uko Nyamagana, Manispaa kama uko Ilemela. Wakikupa kipimo kikali zaidi ya hivi, fuata chao bila kubishana.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Futi ndefu, ya mita 8 au zaidi, na mtu wa kushika upande wa pili
- Ramani ya jengo iliyopitishwa. Kama umeipoteza, chora mwenyewe kila ghorofa kwenye karatasi, weka vipimo
- Tochi, maana hatua moja inafanyika usiku umeme ukiwa umezimwa
- Kamba au chaki ya kuchorea sakafuni
- Orodha ya shughuli zinazofanyika pale: bethidei, kitchen party, kipaimara, kuangalia mechi, vikao vya wapangaji, zote
- Namba ya mhandisi au msanifu majengo aliyesajiliwa, usimalize kila kitu na fundi peke yake

Hatua ya 1: Hesabu watu, usihesabu viti

Hapa ndo watu wanakosea bila kujua, sababu wanahesabu viti walivyonunua. Viti 40, basi ukumbi wa watu 40. Siku ya Simba na Yanga viti vinasukumwa pembeni, watu wanasimama mpaka mlangoni.

Pima urefu mara upana wa ukumbi, toa sehemu ambazo mtu hawezi kukaa, mfano kaunta, jukwaa, yalipo matenki ya maji. Kinachobaki gawanya hivi:

- Meza na viti: mita za mraba 1.4 kwa mtu mmoja
- Viti vitupu vilivyopangwa mistari: 0.65 kwa mtu
- Watu wamesimama: 0.46 kwa mtu
- Jimu yenye mashine: 4.6 kwa mtu, na hapo unatumia eneo lote bila kutoa kitu

Mfano una ukumbi wa mita 8 kwa 12, hiyo ni 96. Kaunta na jukwaa vimekula 12, zimebaki 84. Wakikaa na meza ni watu 60. Viti vitupu ni 129. Wakisimama ni 182. Ukumbi uleule, watu mara tatu!

Chukua namba kubwa ya shughuli inayofanyika kweli pale. Kama hutaki watu 182 basi uwe na uwezo wa kuwazuia mlangoni, sio kuandika tu kwenye mkataba wa kupangisha.

Umefanikiwa ukiwa na namba moja kwa kila eneo, na umeiandika kwenye kibao kikubwa kinachobandikwa ukutani karibu na mlango wa kuingilia ili kila anayekodi aione.

Hatua ya 2: Milango mingapi na ikae wapi

Kwa Marekani ukumbi wa mkusanyiko ukifikisha watu 50 unahitaji milango miwili. Uingereza wao wanaruhusu mmoja mpaka watu 60. Ushauri wangu chukua ya 50. Ukivuka 500 inakuwa mitatu, ila kwenye apatimenti za huku sidhani kama kuna mtu anafika huko.

Eneo la juu ya nyumba linahesabiwa kama ghorofa nyingine. Wapo wanaosema pale juu ni wazi, hamna dari, moshi unaenda angani kwa hiyo hamna shida. Shida ipo chini yao. Moto ukianza jikoni kwa mpangaji wa ghorofa ya pili, moshi unapanda kwenye ngazi na unatokea kwenye mlango uleule ambao watu wa juu wanautegemea, wao wanabaki wanaangalia ziwa hawana pa kushukia.

Milango miwili ikiwa imekaribiana ni kama mmoja, moto mdogo tu katikati unaifunga yote. Kwa hiyo pima ulalo wa ukumbi, kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala. Umbali kati ya milango usipungue nusu ya huo ulalo. Ukumbi wetu wa 8 kwa 12 ulalo wake ni mita 14.4, basi milango iachane angalau mita 7.2. Majengo yenye mabomba ya kunyunyiza maji yenyewe darini yanaruhusiwa theluthi, ila mengi ya huku hayana.

Lifti haihesabiki. Dirisha halihesabiki. Mlango wa kuteleza wa aluminiamu unaotokea kwenye baraza lisilo na ngazi hauhesabiki hata ukiwa mpana mita 3.

Hatua ya 3: Tembea njia yote mpaka barabarani

Hii hatua usiikimbilie. Toka kwenye kila mlango uliochora, tembea taratibu kama mtu ambaye hajawahi kufika hilo jengo, na andika kila kitu kinachokuzuia. Alafu rudia usiku.

Anzia huko juu. Kwenye eneo la juu kuna kamba za kuanikia nguo, nyingi zimefungwa kutoka tenki mpaka nguzo, na zinakaa usawa wa shingo. Gizani mtu anakimbia zinamkamata. Hamishia kamba upande ambao hamna njia. Bomba za maji na nyaya za sola zilizolala sakafuni nazo zipitishwe ukutani.

Ukishuka kwenye ngazi angalia kilichowekwa chini yake. Kuna nyumba ambazo chini ya ngazi pamegeuzwa stoo, godoro la zamani, ndoo za rangi, mitungi ya gesi. Na mbaya kuliko zote ni pikipiki. Wapangaji wanazilaza pale chini kwenye ngazi wakiogopa wizi, nawaelewa kabisa, boda ni mtaji wa mtu, lakini pikipiki ina petroli na ikishika moto pale chini umefunga ngazi kuanzia chini mpaka juu. Jenga banda la nondo nje lenye kufuli zuri na taa, wape sehemu, ndo uwakataze. Ukikataza bila kuwapa mbadala zitarudi usiku wakati umelala.

Ngazi ya ndani inatakiwa iwe imezungushiwa ukuta wa tofali au zege na milango inayojifunga yenyewe, ili moshi wa ghorofa moja usipande kwenda juu. Jiko la ukumbi lisifungukie kwenye ngazi. Korido iliyoziba mwisho, ambayo ukiingia lazima urudi ulikotoka, isizidi mita 6, sababu kwenye moshi mtu anaingia hadi ukutani anadhani ndo njia.

Sasa geti. Umefika chini salama, unakuta geti la nondo lina kufuli na mlinzi mwenye funguo kaenda dukani. Njia yako imeishia hapo, haijalishi juu umefanya nini. Mwaka 2008 pale Tabora watoto 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko siku ya Idi kwa kubanana na kukosa hewa. Watu wakishakuwa wengi sehemu moja iliyofungwa hata moto hauhitajiki.

Kama njia ya pili inatokea kwenye kiwanja cha jirani hiyo bado sio yako. Kesho anajenga ukuta. Pata makubaliano ya maandishi au tafuta upande mwingine.

Umefanikiwa ukitembea njia zote mbili kutoka kiti cha mbali kabisa mpaka barabarani bila kuinama, bila kuruka kitu, bila kuomba funguo, na njia hizo mbili hazijakutana popote ndani ya jengo.

Hatua ya 4: Mchoro kwanza, nyundo baadaye

Weka njia zako kwenye ramani, mpelekee mhandisi, alafu nenda na huo mchoro halmashauri na ofisi ya Zimamoto kabla ya kubomoa hata tofali moja. Kutoboa mlango kwenye ukuta unaobeba uzito wa jengo au kukata bimu kunaweza kukuletea ufa mpaka ghorofa za chini. Na Zimamoto wakiona mchoro mapema wanakurekebisha kwenye karatasi, bei rahisi kuliko kurekebishwa kwenye zege.

Hatua ya 5: Njia ya pili inajengwaje

Kwa Mwanza una bahati ambayo watu wa tambarare hawana. Nyumba nyingi za Isamilo, Bugarika, Mabatini, Capri Point zimekaa kwenye mteremko, kwa hiyo ghorofa ambayo mbele ni ya tatu, nyuma inaweza kuwa karibu usawa mmoja na mlima. Daraja fupi la zege kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye ardhi ya mlimani linaweza kuwa njia ya pili nzuri kuliko ngazi yoyote, hata mtu wa kiti cha magurudumu anatoka.

Lakini usiishie kwenye daraja. Majabali yetu yanadanganya, unatoka nyuma unajikuta umesimama kati ya mwamba na ukuta wa fensi, hamna pa kwenda, na mvua ikinyesha mwamba unateleza. Jenga kinjia cha zege chenye reli ya kushikia mpaka kwenye barabara au uchochoro wa umma, uweke taa, na uweke mfereji ili maji ya mlimani yasipite juu ya kinjia.

Kama nyumba iko sehemu ya tambarare, hapo ni ngazi ya pili. Wengi wanachagua ya chuma ya nje. Ni sawa ila zingatia haya:

Kila kipandio kisizidi sentimita 18 kwenda juu na pa kukanyagia pasipungue 28. Mafundi wengi wa kuchomelea wanafanya pa kukanyagia 20 ili ngazi isichukue nafasi, mtu mzima anashuka kwa kisigino, na mtu mmoja akianguka mbele wa nyuma wote wanamfuata.

Upana usipungue mita 1.1 kwa watu 50 na kuendelea. Chini ya hapo sentimita 91 inatosha.

Uzio wa pembeni ufike mita 1.07, na reli ya mkono ikae kati ya sentimita 86 na 96.

Ngazi ya konokono usiweke kwenye eneo la watu wengi. Inapendeza kwenye picha, ila kushuka na mtoto mkononi gizani haifai kabisa.

Ngazi isipite mbele ya dirisha la jiko la mpangaji. Moto ukitokea kwenye hilo dirisha ngazi yako imepikwa. Kama hamna upande mwingine, dirisha lizibwe na mhandisi aone hewa itapita wapi.

Tumia bati nene lenye vinundu ili lisiteleze wakati wa mvua, paka rangi ya kuzuia kutu kwanza ndo rangi ya juu, na kila mwaka gonga maungio yote kwa nyundo ndogo kusikia kama kuna palipolegea.

Hatua ya 6: Mlango wenyewe

Upana unaopimwa ni nafasi ya kupita mlango ukiwa wazi nyuzi 90, sio fremu. Isipungue sentimita 81. Ukiagiza mlango wa sentimita 90 halafu ukatoa unene wa mlango na fremu unaweza kujikuta na 79, kwa hiyo mwambie fundi unataka nafasi ya 90, fremu ahesabu yeye.

Kuanzia watu 50 mlango ufungukie upande wa kutokea. Watu wakijazana wanasukuma, na mlango unaofungukia ndani haufunguki ukishasukumwa na kundi, hata aliyeshika kitasa hana nafasi ya kurudi nyuma.

Kitasa kiwe cha kusukuma, ile baa ndefu ya kulala ambayo ukiegemea mlango unafunguka. Kwa nje unaweza kuufunga usiingilike, kwa ndani ufunguke muda wote bila funguo. Kama uwezo haujafika na ukumbi wako ni wa watu chini ya 50, weka kitasa cha kuzungusha kwa mkono upande wa ndani. Kwenye geti la grili fanya hivohivo, alafu weka wavu mnene kuzunguka kitasa ili mwizi asiingize mkono kutoka nje. Hapo umelinda mali na watu wote. Kufuli, komeo la juu na la chini, nondo ya kupachika, vyote vitoke.

Kitu kimoja cha huku kwetu: upepo wa ziwa. Mchana unavuma kutoka majini kuja nchi kavu, na juu ya ghorofa unakuwa na nguvu. Mlango unaofungukia uso wa ziwa unasukumwa na upepo urudi, mtoto au bibi hawezi kuufungua. Ukiweza uweke upande wenye kivuli cha upepo, au jenga kaukuta ka kukinga mbele yake. Na usikubali mtu auzuie kwa tofali ukae wazi, maana huo ndo mlango unaozuia moshi. Weka kifaa cha kuufunga taratibu.

Umefanikiwa kama mtoto wa darasa la pili anaufungua mwenyewe gizani bila kuelekezwa.

Hatua ya 7: Taa na vibao

Vibao vya kijani vyenye mtu anayekimbia, juu ya kila mlango wa kutokea na kila sehemu njia inapokata kona. Picha inaeleweka hata kwa mgeni na mtoto asiyejua kusoma.

Taa za dharura ziwe na betri yake, ziwake zenyewe umeme ukikatika, na zidumu dakika 90. Ziweke ukumbini, kwenye ngazi, na nje mpaka kwenye kinjia. Kujaribu ni rahisi, usiku zima swichi kuu. Usitegemee jenereta, inachukua muda kuwaka na kuna siku haina mafuta.

Muziki ukiwa juu hamna anayesikia king'ora. Mwambie fundi umeme aunganishe ili king'ora kikilia umeme wa muziki ukatike. Ukimya wa ghafla unashtua watu kuliko kengele.

Hatua ya 8: Siku ya shughuli

Unaweza kufanya yote hayo vizuri na mpambaji akayafuta asubuhi moja. Anakuja na vitambaa, anatafuta ukuta mzuri wa kuweka meza kuu, na ukuta mzuri mara nyingi ndo wenye mlango wa nyuma. Anauziba wote kwa kitambaa, kibao cha kijani anakifunika sababu kinaharibu picha. DJ naye anaweka spika mbele ya mlango wa pili maana ndo wenye soketi karibu. Mpishi wa nyama choma anaweka jiko la mkaa kwenye ngazi apate upepo.

Simlaumu hata mmoja, wote wanafanya kazi yao na hamna aliyewaambia. Waambie mapema. Chora kwa rangi ya njano sakafuni njia ya kila mlango, upana wa mlango na mita moja zaidi mbele yake, andika PASIWEKWE KITU. Ondoa soketi zilizo karibu na milango uzihamishie unapotaka DJ akae. Jenga sehemu maalumu ya jiko la mkaa na mitungi ya gesi, mbali na milango yote. Paa la makuti au turubai lisifunike mlango wala ngazi.

Kabla wageni hawajaingia msimamizi azunguke, afungue kila mlango kwa mkono wake, asukume geti, ndo asaini kwenye daftari. Mlango mmoja ukigoma shughuli isianze. MC naye awaonyeshe wageni milango iko wapi, sekunde 20 tu, kabla ya kufungua ratiba.

Hatua ya 9: Fanya zoezi

Watangazie wapangaji siku, usitangaze saa. Zima swichi kuu jioni watu wakiwepo, piga king'ora, ziba ngazi kuu kwa kusimamisha mtu pale anayesema "hapa moto". Angalia wanafanya nini.

Karibu wote watakimbilia mlango walioingilia, hivyo ndo binadamu alivyo. Ndo maana njia ya pili inatakiwa itumike siku za kawaida pia, ruhusu wapangaji waipite kila siku, wataizoea.

Mpangaji mwenye ulemavu au mzee apangiwe watu wawili wa kumsaidia, na kwenye mlango wa ngazi iliyozungushiwa ukuta pawe na nafasi ya kiti cha magurudumu, sentimita 76 kwa 122, ambapo anaweza kusubiri bila kuziba wanaoshuka.

Mkusanyike sehemu moja nje, mbali na ukuta wa jengo na sio mbele ya geti ambapo gari la Zimamoto litapita. Mtu mmoja aliyepangwa kabla ndo apige 114, ataje mtaa na alama ya karibu inayojulikana, maana nyumba zetu za mlimani bila alama hawazipati.

Zoezi limefaulu kama watu wa juu wote wameshuka kwa njia ya pili, hamna aliyetumia lifti, hamna aliyeomba funguo, na umewahesabu wakatimia. Kilichokwama andika palepale, rekebisha, rudia zoezi, ndo uwaite Zimamoto waje kukagua.